Mkono Ulioshika Ukuta

Miaka thelathini na minane inatimia mwezi huu tangu Mzee Gundi aingie katika jengo letu kwa mlango wa nyuma akiwa na ngazi begani. Tarehe thelathini atatoka kwa mlango wa mbele, bila ngazi, akiwa mstaafu. Kati ya milango hiyo miwili kuna kazi ya mtu mzima, ubishi usio na kifani, na mkono mmoja wa kulia ambao umezua ugomvi mkubwa kuliko mikono yote iliyowahi kutia saini katika ofisi hizi. Wasifu huu utauzungumzia mkono huo kwa kirefu. Anayetaka kusoma habari za semina na vyeti akatazame ubao wa matangazo.

Kwa wageni wetu wa leo: kampuni hii zamani ilikuwa kituo cha televisheni, na sasa inauza kumbukumbu za kituo hicho. Tunachukua filamu na tamthilia za zamani, hasa zile zilizochekwa zilipotoka na ambazo leo zinaabudiwa. Tunazisafisha, tunazitia kwenye diski, tunazifungia katika boksi zuri lenye kijitabu, nanyi mnazipeleka nyumbani. Mwaka unaofuata tunazitoa tena katika boksi zuri zaidi, nanyi mnazipeleka nyumbani tena. Tumeshatoa Toleo Maalumu, Toleo la Dhahabu, Toleo la Mwisho, na mwaka juzi Toleo la Mwisho Kabisa, ambalo limeshafuatwa na mengine mawili. Wapo wanaouita huo ulaghai. Wanakosea. Mlaghai hujificha, sisi tunaandika juu ya jalada.

Mzee Gundi aliajiriwa kama fundi wa jukwaa, enzi ambazo nyumba za tamthilia zilijengwa kwa fito, kadibodi na dua. Kazi yake ilikuwa kuzisimamisha kabla ya kurekodi na kuzibomoa kabla ya msomaji wa taarifa ya habari kuhitaji studio hiyohiyo. Hakuonekana bila kopo la gundi mkononi, na jina likamnata. Wazazi wake walimpa jingine, zuri tu, lakini hata mhasibu hulikumbuka kwa taabu. Baadaye alihamishiwa stoo ya kanda. Biashara ya diski ilipoanza akapewa Kitengo cha Matoleo ya Nyumbani, ambacho amekiongoza mpaka leo kwa sauti kubwa na uvumilivu mdogo.

Tusimpake rangi asiyo nayo. Mzee Gundi si mtu mnyenyekevu. Akiwa sahihi atakukumbusha mpaka uzeeke, na akikosea atakukumbusha vilevile, maana haamini kuwa amekosea. Ni yeye aliyetoa filamu ya Jini wa Gereji sehemu ya tatu ikiwa imetangulia ya pili, kwa sababu ya lebo aliyoibandika mwenyewe. Jini akafa, akazikwa, kisha akaonekana anakuja kununua matairi. Tulijiandaa kuomba radhi. Badala yake mashabiki waliandika kwamba hatimaye filamu imepata maana. Tulipotoa toleo la mpangilio sahihi hakuna aliyeligusa. Limejaa stoo, na kitengo cha usafi kinalitumia kuzuia mlango usijifunge. Mzee Gundi anasimulia kisa hiki kama ushahidi wa kipaji chake.

Ni yeye pia aliyepigania zipu. Jini wa Gereji, kama mnavyojua, alikuwa dereva wa lori aliyevishwa suti ya mpira, na zipu ya suti ile inaonekana mgongoni kila akigeuka. Mtaalamu mmoja wa kusafisha picha alitaka kuifuta. Mzee Gundi alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo akamwambia, "Kijana, ukifuta ile zipu umemuua jini. Watu hawanunui jini, wananunua zipu." Alisema kweli. Kwenye maonyesho ya filamu hiyo ukumbi mzima hupiga makofi zipu inapotokea, na jini mwenyewe hakuna anayemjali.

Sasa tuje kwenye mkono.

Katika mwaka wa kwanza wa Mzee Gundi kazini, kituo kilirekodi sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Mpangaji wa Chumba cha Uani. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Wengine waelewe hivi: Bi Mwenye Nyumba, mwanamke mkali kuliko pilipili, anamfukuza mpangaji wake asiyeisha visingizio. Katika tukio la mwisho anaingia sebuleni, anabamiza mlango, kisha anamwaga maneno aliyoyabana tangu sehemu ya kwanza. Siku ile mwigizaji aliubamiza mlango kwa dhati. Fito ya nyuma ikakatika. Ukuta wa sebule ukaanza kumlalia.

Kurudia hakukuwezekana, msomaji wa habari alikuwa mlangoni anafunga tai. Nyuma ya ukuta alikuwepo kijana mmoja mwenye kopo la gundi. Aliuvuta ukuta kwa nyuma, ukagoma, basi akapitisha mkono wa kulia kwenye dirisha la kadibodi na kuung'ang'ania kwa mbele. Mkono ule ukabaki pale, wazi mbele ya kamera, mpaka tukio likaisha. Kidole cha mwisho kilikuwa kimesimama wima, maana kijana alianguka kutoka mtini utotoni na kidole hicho hakijawahi kukunjika tena.

Mwigizaji angeweza kupigwa na butwaa. Mwanamke yule hakupigwa na kitu. Katikati ya kufoka aliutazama mkono, akauendea, akautundikia mkoba wake kama anayetundika kwenye msumari, akaendelea kumtukana mpangaji. Wakati wa kutoka akautwaa mkoba, akaupiga mkono kofi dogo la shukrani, akaondoka. Wiki iliyofuata alihamia ng'ambo kwa mwanawe, na hakuwahi kuuona uso wa mwenye mkono. Kijana alipotoka nyuma ya ukuta alipokewa na mkuu wa studio, ambaye alimwita mharibifu na kumtishia kumfukuza kazi.

Mambo ya dunia hayatabiriki. Tamthilia ile ilisahaulika, mkono haukusahaulika. Watu walirekodiana kanda kwa kanda kwa ajili ya tukio lile tu. Wapo mashabiki ambao hawasalimiani kwa kupeana mikono: mmoja hunyoosha mkono na kuinua kidole cha mwisho, mwenziwe humtundikia mkoba. Wapo waliochora mkono ule kwenye fulana. Nimekutana na watu wazima, wenye kazi na watoto, waliogombana mpaka kuacha kuongea kwa sababu mmoja alisema mkono ni wa kushoto.

Na penye sifa hapakosi wenye kuidai. Dereva mstaafu wa kituo alidai mkono ni wake. Mlinzi wa geti la zamani naye akadai ni wake, ingawa zamu yake ilikuwa nje. Bwana mmoja ambaye hakuwahi kufanya kazi hapa alihojiwa redioni kama "Mkono" na akalia machozi hewani. Mzee Gundi alikuwa akisema tangu mwanzo, kwa kila aliyepita korido, kwamba mkono ni wake. Lakini mtu akisema jambo kila siku kwa miaka mingi, watu huacha kusikia. Mkewe, muuguzi mwenye ulimi wa sindano, alikuwa na neno moja kila habari hiyo ilipoanza mezani: "Mkono uliozuia ukuta wa kadibodi umeshindwa kuzuia bomba la jikoni kwangu." Aliyemwamini bila swali ni mjukuu wake, ambaye akitoka shule humtundikia begi mkononi na kwenda zake kucheza.

Mwaka jana iliamuliwa kwamba tamthilia hiyo itolewe upya, yote, katika boksi moja, ikiwa imesafishwa. Hapo ndipo tulipoonyesha dunia tuna akili kiasi gani.

Mkurugenzi wetu, aliyetujia kutoka biashara ya majokofu na ambaye hupenda vitu viwe vyeupe ndani na nje, aliunda Kamati ya Ubora. Kamati ikawapa wasafishaji picha agizo moja: chochote kisichokuwemo katika mswada wa tamthilia kifutwe. Wasafishaji ni watu watiifu. Walifungua mswada. Mkoba umo. Mkono haumo. Wakafuta mkono, wakaacha mkoba.

Jaribuni kuiona picha hiyo. Bi Mwenye Nyumba anafoka. Anageuka, anatazama dirisha tupu kwa heshima, anatundika mkoba hewani, na mkoba unakaa. Unaning'inia hapo kama mwezi. Mwishoni anautwaa mkoba, anaipiga hewa kofi dogo la shukrani, anatoka. Na kwa kuwa ukuta nao ulikuwa umeinama, waliunyoosha, ila wakasahau picha ya ukutani, ambayo imebaki imeinama peke yake kama mlevi msibani. Kamati ilitazama kazi hiyo ikapiga makofi. Mwandishi wetu wa vijitabu, ambaye hakuwahi kuona kanda ya awali, aliandika kurasa saba kwamba mkoba unaoelea ni kilele cha uhalisiamazingaombwe katika televisheni yetu na kwamba unawakilisha mzigo wa mwanamke usio na pa kutuliwa. Nimezisoma kurasa zile mara mbili. Zimeandikwa vizuri sana. Ndilo tatizo lake.

Mzee Gundi alipoiona diski ya majaribio hakupiga kelele, na hapo ndipo tulipoogopa. Alikwenda kwenye Kamati akaomba kitu kimoja: kabla hajastaafu, mkono urudishwe kwenye picha. Hakuomba medali wala karamu. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikatoa uamuzi ambao unastahili kufungiwa kwenye kioo. Ulisema hivi: kama mkono una mwenyewe, basi ni mwigizaji, na utarudishwa, kama hauna mwenyewe anayethibitika, basi ni kasoro, na utabaki umefutwa. Mzee Gundi akaonyesha kidole chake kisichokunjika. Akajibiwa kwamba vidole vya mwisho vya watu wengi husimama, hasa wakishika kikombe, na wajumbe wawili wakainua vikombe vyao kuthibitisha.

Mwigizaji wa Bi Mwenye Nyumba aliwahi kuulizwa na gazeti juu ya siku ile. Alisema, "Sura sikuiona. Lakini niletee mkono, nitaujua." Tulimshauri Mzee Gundi amwandikie. Akakasirika. Mtu, alisema, hatembezi mkono wake kama samaki sokoni. Kiburi hicho ndicho kilichokaribia kumponza, na nakisema hapa kwa sababu nakipenda.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa sinema ya zamani. Mashabiki walijaa mpaka kwenye ngazi, wengi wakiwa na fulana za mkono, bila kujua kwamba mkono hawataukuta kwenye diski waliyokuja kuipokea. Kampuni moja ya matangazo ilikuwa imejenga jukwaani nakala ya sebule ya Bi Mwenye Nyumba, dirisha na yote, na kwa kuheshimu historia waliijenga kwa kadibodi. Mgeni rasmi alikuwa mwigizaji mwenyewe, aliyeletwa kutoka ng'ambo, bibi sasa, na fimbo yake, na mkoba wake mapajani. Mzee Gundi hakupewa kiti. Aliambiwa akae nyuma ya jukwaa kuangalia nyaya.

Mkurugenzi alisimama mbele ya ukuta ule akaanza hotuba yake juu ya ubora usio na kasoro. Ni msemaji wa kutumia mwili. Aliposema neno "imara" aliupiga ukuta kwa kiganja, kwa mfano. Ukuta ukamsikia. Ulianza kumlalia taratibu, kwa adabu, jinsi ule wa kwanza ulivyomlalia mwigizaji miaka ile.

Kwenye dirisha la kadibodi ukatokea mkono wa kulia. Ulikuwa na madoa ya uzee na mishipa iliyotuna. Uliung'ang'ania ukuta, na kidole cha mwisho kikasimama wima.

Sijawahi kusikia ukumbi uliojaa ukinyamaza namna ile. Mkurugenzi aliuchukulia ukimya huo kuwa ni wa mshangao mbele ya hoja zake, akaendelea. Yule bibi alijiinua kitini. Mwanawe akataka kumsaidia, akamsukuma kando kwa fimbo. Alipanda jukwaani kidato kwa kidato, akampita Mkurugenzi bila kumwona, akasimama mbele ya mkono, akautazama. Kisha akautundikia mkoba wake.

"Kijana," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "bado hujatoka tu hapo nyuma?"

Nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya Mzee Gundi ikisema, "Shikamoo mama. Nikitoka ukuta utaanguka."

Yaliyofuata hayaelezeki. Watu walilia, watu walipiga miguu, mikoba ilitundikwa kila mahali palipokuwa na mkono. Dereva mstaafu, aliyekuwa safu ya tano amevaa fulana iliyoandikwa "Ni Wangu", alionekana akiigeuza ndani nje. Mkurugenzi aliinamisha kichwa kupokea makofi. Mpaka leo hatuna uhakika kama ameelewa hayakuwa yake, na hakuna aliyejitolea kumwambia, isipokuwa mimi, sasa hivi, kwa maandishi.

Kamati ilikutana wiki ileile, ikagundua kwamba mkono una mwenyewe. Diski zilirudishwa kiwandani. Mkono ukarudi kwenye picha, ukuta ukarudi kuinama, mkoba ukapata pa kukaa. Mwandishi wa vijitabu ameandika kurasa nyingine saba kuhusu mkono, akisema ni kilele cha uhalisia. Na mwishoni, majina yanapopita juu ya muziki, baada ya Bi Mwenye Nyumba na mpangaji wake, yanapita maneno matatu mapya: Mkono, na mbele yake, Mzee Gundi. Mkewe alipoona alisimamisha diski, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akasema bomba la jikoni bado linavuja.

Mtaniuliza kwa nini nimetumia kurasa za taarifa yetu kwa mkono wa mtu mmoja wakati Mzee Gundi ametoa mamia ya diski, amefundisha nusu ya watu walio kwenye jengo hili, na ameokoa kanda ambazo panya walikuwa wameshaanza kuzihariri. Nitawajibu. Kwa sababu jengo hili, kama majengo mengi yenye vioo vingi mbele, ni kadibodi iliyopakwa rangi. Limesimama kwa kuwa kuna watu nyuma yake wenye bega na gundi. Na kila baada ya muda huja mtu msafi, mwenye nia njema, na agizo kwamba mikono yote isiyokuwemo kwenye mswada ifutwe ili picha ipendeze. Anafuta. Kisha anakaa kushangaa mkoba umetundikwa wapi. Wapo wajumbe wa Kamati watakaosema maneno haya ni makali mno kwa sherehe. Wanywe chai. Vidole vyao tunavijua.

Mzee Gundi, asante kwa zipu. Asante kwa jini aliyefufuka kununua matairi. Asante kwa kubisha pale ambapo sisi tuliitikia, hata siku zile ulizobisha bure. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, afya njema, mke mwenye subira, bomba linalosikia, na mkono usiobeba kitu kizito kuliko begi la mjukuu.

Na leo ukumbini usiende nyuma. Ukuta ulio nyuma ya meza kuu tumeupiga skrubu, na tumeusukuma sisi wenyewe kwa zamu. Kaa mbele, mzee wetu.